Chupa ya Wageni

Jumanne

Na zile lebo za bafuni nilivyokuwa najivunia! Karatasi ya rangi, selotepu juu, hata tawi la kahawa nikachora. Chupa moja WAGENI, nyingine NYUMBANI. Shampuu ya nyumbani huwa naiongezea maji, sisi tumeshazoea.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Kagoma na mkungu wa ndizi. Akaenda kuoga. Ametoka anacheka, nywele zinachuruzika.

“Shampuu yenu haina povu, mwanangu. Lakini ile ya wageni sijaigusa. Mimi hapa ni kwangu.”

“Ndiyo, mama.” Nikakosa pa kuficha uso.

Sasa hivi nimeimimina ile nzuri kwenye chupa ya nyumbani. Kesho akiona povu, nitamwambia nini?