Kamba Tuliowachemsha Mwakitolyo

Mama Rehema mpenzi, nakusalimu kutoka kwenye vumbi la Mwakitolyo.

Nilipofika kwa wakwe wa binti yetu nilisema, "Nimewaletea kamba," na wote wakarudi nyuma. Unajua mkwe wetu Masanja alifariki kamba ilipokatika akishushwa shimoni kuchimba dhahabu. Mimi nilisahau kwamba huku kamba ni ile ya shimoni tu. Nikafungua boksi la barafu, nikawaeleza kuwa hawa ni viumbe wa baharini, kisha nikawachemsha kwa viazi, mahindi na ndimu.

Mama yake Masanja akamla wa kwanza. "Kamba wa kwenu wanaliwa, Baba Rehema," akasema. "Ya kwetu inakula."

Ndipo wengine wakasogea kwenye sinia.

Tafadhali, mke wangu, badilisha kamba ya kisima kabla hujateka tena.

Mumeo