Misumari Mitatu ya Dirisha la Nyanya

Jumanne usiku

Tena madirisha! Kila jioni nayafunga kwa sababu ya mbu wa mtaa huu wa Kisugu, na kila jioni Nyanya Ingrid anajikongoja kuyafungua. Mwaka wa pili sasa namtunza huyu bibi Mswidi na bado tunagombana kwa jambo hilo hilo.

Leo nilimfokea. Nilimwambia nimechoka kumuuguza malaria.

Hakukasirika. Alisema, "Keti, Akinyi." Akanieleza habari za nyumba yao ya kwanza, yeye na mumewe walipokuja nchi hii na Waswidi wenzao kufyeka msitu na kulima. Ilikuwa ya udongo, ina mlango tu. Mtoto wake wa kwanza, Lars, alifia humo. Kwao mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa ili roho itoke.

"Sikuwa na dirisha la kufungua," akasema. "Bado yumo mle. Namsikia."

Kisha akanishika mkono. "Nikifa, utanifungulia?"

Nikasema, "Ndiyo, Nyanya." Haraka haraka, kama mtu aliyeulizwa kama chai iko tayari.

Sikumwambia kwamba dirisha la chumba chake nililipigilia misumari mwezi uliopita, alipokuwa kliniki. Mitatu, mirefu, niliinunua sokoni Katwe. Yeye anadhani mbao zimevimba kwa mvua.

Nyundo nilimrudishia jirani. Nitaiomba tena asubuhi, kabla ya chai, niing'oe misumari.

Anakohoa huko chumbani. Kila akinyamaza, naacha kuandika, nasikiliza.