Mjane wa Dirisha la Juu

3 Machi

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila goti la kulia linanifanyia vituko kwenye ngazi. Shangazi yako anakusalimu. Kila akija kunitazama, anazungumzia chumba alichonitengea kwake.

Sasa sikia mambo. Kuna dada mmoja siku hizi anawatembeza watalii kwa miguu humu mji mkongwe. Kila asubuhi anawasimamisha chini ya dirisha langu, anawaonyesha nakshi za mlango, kisha anashusha sauti: "Humu aliishi mjane aliyemngoja mumewe dirishani mpaka akafa kwa huzuni." Nami nipo juu namenya viazi! Jana nilichungulia, mgeni mmoja akapiga ukelele nusura aangushe kamera.

Babu yako alifia kitandani kwake. Nimngoje wapi mtu ambaye hata kwenda dukani nilikuwa namsukuma?

Bibi yako, mzima kabisa

20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Nimecheka peke yangu ndani ya lifti niliyokuwa naitengeneza, hadi mlinzi akaniuliza kama nimenaswa.

Mwambie huyo dada kwamba uko hai. Kuhusu kuja kwangu nyumbani, likizo ya mwezi wa nne imeshindikana, mwenzangu kazini ameumia mkono. Tuseme mwezi wa sita. Na hilo la Shangazi lifikirie, Bibi. Kwake hakuna ngazi.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima, nami namshukuru Mungu. Nimefuata ushauri wako. Nilifungua dirisha katikati ya hadithi nikasema, "Mjane mwenyewe huyu hapa, na viazi viko motoni!" Wageni wakapiga makofi. Dada wa watu aliona haya, akapanda kuniomba radhi. Anasema hadithi aliirithi kwa aliyemfundisha kazi, na hakuwahi kubisha hodi kuuliza. Tukanywa chai.

Tangu siku hiyo hawasimami tena. Wanapita upande wa pili, kimya, kwa heshima. Heshima yao imenikalia vibaya, maana nilishaizoea miguu yao. Sasa asubuhi nasikia saa ya ukutani tu.

Shangazi yako ameleta maboksi ya kufungashia vitu vyangu. Nimemwomba asubiri kwanza nikuone wewe humu ndani.

Bibi yako

2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Pole na upweke. Mimi sijambo, kazi tu imenibana.

Mwezi wa sita nao umekataa, msimamizi hataki kusikia. Labda mwisho wa mwaka. Usiache kuhama kwa ajili yangu, nitakukuta kwa Shangazi. Nyumba ni kuta tu, Bibi.

Mjukuu wako

24 Mei

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina hasira. Kuta tu! Kumbe lifti imekunasa kweli.

Najua kinachokuzuia si msimamizi. Hukuwepo tulipomzika babu yako, na unaogopa kukiona kitanda chake kitupu. Hakuna aliyekuwekea kinyongo, na mimi ndiyo sina kabisa. Nimekukumbuka sana, mwanangu, na sioni sababu ya kukuficha.

Jana nilimfuata yule dada nikamwomba awarudishe wageni wake. Akauliza awaambie nini, maana uongo hautaki tena. Nikamwambia aseme kweli: juu anaishi bibi, anamngoja mjukuu wake.

Leo amewaambia hivyo. Kisha mama mmoja akainua uso akaniuliza, "Atakuja lini?"

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, na ule "mwisho wa mwaka" wako ndani yake. Sikutaka kuutaja. Nikasema, "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao."

Basi wakafurahi kama mtoto ni wao! Yule mama amesema atarudi na mumewe siku hiyo wakuone. Dada naye ameahidi msafara wote wa Jumamosi utaishia hapa mlangoni. Hata shangazi yako, nilipomweleza, ameyabeba maboksi yake akaondoka, akasema atakuja nayo Jumapili yake.

Sikukuuliza, najua. Lakini nimeshasema mbele za watu, na sina jibu lingine la kuwapa. Kitanda cha babu yako nimekitandika shuka safi, utalala hapo.

Bibi yako