Picha ya Babu Yangu Pazi

Taherali, unaijua nasaba yangu. Mimi ni mwana wa Hamza, imamu wa Kinole, mwana wa Pazi, aliyeamua kesi za mashamba milimani bila kuonja hongo.

Leo, katika maktaba ya makumbusho ya sanaa hapa mjini, nimeiona picha ya Pazi. Chini yake wameandika: “Mpagazi asiyejulikana.”

Asiyejulikana! Nikatoa kalamu ya wino, nikayakata maneno hayo, nikaandika jina lake kamili.

Mkuu wa maktaba akaja akifoka. “Mzee, humu ni penseli tu! Nani kakuruhusu kuingia na kalamu?” Akamgeukia msaidizi wake, Asia, mjukuu wangu wa damu. “Unamfahamu huyu?”

“Hapana, bosi.”

Hapana, Taherali! Asubuhi ameniamkia shikamoo!

Nikasema, “Ni mjukuu wangu. Ndiye aliyeniruhusu mlangoni nipite na kalamu, kwa kuuheshimu uzee wangu.” Ni kweli tupu. Akavuliwa kitambulisho palepale, kazi ikaisha.

Sasa anabisha mlangoni kwangu, analia. “Babu, ni mimi, Asia.”

Nimemjibu, “Simfahamu huyo.”

Wasomee wajukuu zako ujumbe huu, tena wausikilize wakiwa wamesimama.