Bitiruti na Tezo

Jumatatu, 1 Septemba

Tena. Nimegeuka kitandani upande wa kushoto nitafute viatu, chumba kikaanza kuzunguka. Dari, dirisha, kalenda ya kanisa, vyote vinakimbizana. Nikashika godoro kwa mikono miwili mpaka vikatulia. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa jikoni anakoroga uji, hakuona. Suruali nimevaa nikiwa nimeketi. Nikamwambia mgongo unauma.

Kiwandani kwetu kwa vinyago nimechonga vifaru wadogo wa mti tu. Hao nawachonga kichwa kikiwa wima. Gogo kubwa linataka uketi chini, uiname, ulibane kwa nyayo, tezo, shoka letu la kuchongea, lishuke likija kwako. Hapo ndipo ninapoogopa. Sijamwambia mtu. Mchongaji akishukiwa kichwa ama macho, anapelekwa kule nyuma kwa kina mama wa msasa, akasugue vinyago na kuvipaka kiwi ya viatu. Wenzake wanaanza kumwita shosho, bibi kizee. Sitaki kuitwa shosho. Nina tezo hili tangu kabla sijaoa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimetapika karibu na bomba la maji, mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Mama Mwende ameona. Huyu mwanamke haulizi mara mbili. Alifunga leso, akanishika mkono, moja kwa moja kliniki.

Presha sawa. Sukari sawa. Wameniandikia niende kwa wataalamu wa masikio, hospitali kubwa, Alhamisi ya wiki ijayo. Masikio! Mimi nasikia hata mbu akipiga chafya. Nimeenda kulalamikia kichwa, wananipa sikio. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jioni Mwende akapiga simu. Ni binti yetu, karani, anakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, na anachokisoma kwa simu anakiamini kama Injili. Leo amesoma kuhusu kizunguzungu na vyakula vyenye antioksidanti. Nikamwambia hilo neno aliweke vizuri.

"Daddy, ni kama kutu. Mwili unashika kutu huko ndani, hata kwa maskio. Hizi mboga na matunda zinaizuia. Wanasema zinaweza kusaidia."

Kutu naijua. Hapo nilimwelewa. Lile "zinaweza" sikulisikia.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Mwende amerudi kutoka soko la Muthurwa na gunia. Bitiruti, karoti, spinachi, managu, nyanya, machungwa, tangawizi. Nyama imepigwa marufuku. Chumvi, kidogo ya kuonja. Majani ya chai, kikombe kimoja kwa siku. Blenda ameazima kwa jirani.

Juisi ina ladha ya udongo baada ya mvua. Nimeinywa nimefumba macho. Akasimama pale mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nilijua nakufa. Nimeenda choo, mkojo ni mwekundu. Nikaegemea mlango nikaomba Mungu, nikawaza nani atamwambia Mwende. Nikatoka nikamwita Mama Mwende ndani kwa sauti ya chini. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ni bitiruti. Wangeniambia mapema. Sikucheka hata kidogo.

Mchana nimepita soko la nyama la Burma. Moshi wa nyama ukanifuata mpaka barabarani. Nilichukia antioksidanti zote duniani. Lakini sikuingia, na hilo najipongeza.

Jumanne, 9 Septemba

Tangu Jumapili, kimya. Leo nimegeuka upande wa kushoto makusudi, haraka, mara mbili. Chumba kimetulia. Nimeinama nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Karibu niimbe.

Nimewasimulia kiwanda kizima, sasa kwa vile mambo yamekwisha. Kizunguzungu nilikuwa nacho, nimekitoa kwa bitiruti. Mutinda alikuwa wa kwanza kuniamini. Mutinda na mimi tulitoka kijijini kwetu Wamunyu mwaka mmoja, tukajifunzia kwa fundi mmoja, tumekaa bega kwa bega tangu nywele zikiwa nyeusi. Goti lake linamsumbua. Kesho ananunua bitiruti.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo ndiyo siku ya hospitali. Sikwenda. Nikapange foleni kutwa nzima kutafuta nini? Mtu mzima aende kuwaambia madaktari kwamba amepona?

Halafu kazi imeingia. Hoteli inataka twiga wawili wa urefu wa mtu. Mwenyekiti wa ushirika wetu aliuliza nani ataongoza, mkono wangu ukawa juu kabla hajamaliza. Mutinda atanisaidia.

Nimemwambia Mama Mwende nitaenda wiki nyingine. Aliendelea kuosha ile glasi ya juisi muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha simu ya Mwende.

"Daddy, mi nilisema ukule mboga. Sikusema usiende hosi."

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku nzuri. Miguu ya twiga wa kwanza imetoka, tumbo limetoka. Mjakaranda mlaini, haubishani. Jasho, vumbi, mikono inauma ule uchungu mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba nina furaha nikiwa hapa.

Kesho kutwa tunaanza shingo. Shingo ndiyo kazi. Ukiipunguza, mti unaanza kutetemeka, na ukitetemeka unapasuka. Kwa hiyo gogo linalazwa, mmoja anachonga, mwenzake anakumbatia kichwa cha twiga kwa mikono yote kisitikisike. Mikono yake iko pale pale mbele ya tezo lako. Kazi hiyo haifanywi na mtu yeyote tu. Mutinda amenishikia shingo nyingi, nami nimemshikia.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi kidogo. Si kuzunguka, kitanda kiliyumba tu. Mara moja. Nimelala nikiangalia dari, nikajiambia ni usingizi mbaya. Nikanywa glasi mbili badala ya moja. Mama Mwende akauliza kwa nini mbili, nikasema imeanza kuwa tamu.

Shingo tumeianza. Mkono uko imara. Nilichonga polepole, Mutinda akanitania kwamba namtengenezea twiga wa makumbusho. Ninaogopa. Nimeliandika na litabaki hapa.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijui kama nitaweza kuandika. Nitaandika.

Kabla ya saa nne. Nimeinamisha kichwa nione chini ya shingo kama iko sawa. Nikainuka, nikainua tezo, na ardhi ikaondoka. Tezo lilikuwa linashuka tayari. Nilisikia kwa mkono kwamba halikugonga mti.

Kidole cha kati cha mkono wa kushoto, juu ya kiungo cha mwisho.

Mutinda hakupiga kelele. Aliangalia mkono, akasema, "Umenikata," vile mtu angesema mvua imeanza. Walimfunga kwa shati, wakamweka kwa bodaboda, mwenyekiti nyuma akimshikilia. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nimekamata udongo kwa vidole, kila kitu kinazunguka, siwezi kusimama. Watu walidhani ninalia. Damu inamtoka Mutinda, na bado nilimsikia anauliza, "Huyu ana nini? Muangalieni."

Vidole vyangu vyote vipo. Nimeviangalia kutwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Ncha ya kidole haikuokolewa. Wameshona. Mkewe amenipigia simu kunipa habari, kwa upole, na huo upole siuwezi.

Nimemwambia mwenyekiti kwamba kizunguzungu hakikuwa kimekwisha. Hakunigombeza. Alichukua tezo langu akaliweka ofisini.

Nyumbani nikakuta juisi mezani. Nikaimwaga yote kwa karai, nikamwaga na ile ya jagi, nikasema hayo mauchafu yasiingie tena kwangu. Mama Mwende akaokota glasi.

"Mboga hazijakata mtu, Baba Mwende."

Basi. Akachukua kitambaa akapangusa meza.

Jumatatu, 22 Septemba

Hospitali. Mama Mwende alikuja nami, hakuniamini niende peke yangu, na ana haki.

Mtaalamu ni mama wa makamo, mikono yake baridi. Aliniketisha kitandani, akageuza kichwa changu kushoto, akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia kidogo. Chumba kikaruka. Nikamkamata mkono karibu nimvunje. Yeye alikuwa anaangalia macho yangu, akasema vizuri, ndicho nilichotaka kuona. Akangoja. Akageuza kichwa upande wa pili. Akangoja. Akanigeuza mwili mzima nikawa natazama sakafu. Akangoja. Akaniketisha. Akarudia yote mara nyingine, na safari hiyo chumba kiliyumba tu kidogo. Akasema tumemaliza.

Hakuna sindano. Hakuna dawa.

Ndani ya sikio kuna vichembe vidogo, kama mchanga, vinavyokusaidia kujua umekaa vipi. Vyangu vimetoka mahali pao vikaingia kwenye mfereji usio wao. Nikilala, nikigeuka, nikiinama, vinatembea, na ubongo unadhani nimezungushwa. Mara nyingine vinatulia vyenyewe kwa muda. Hilo aliposema nilifumba macho. Zile siku za kimya. Nilizipa bitiruti sifa yote.

Nikamuuliza kuhusu juisi hata hivyo. Hakunicheka. Alisema chakula hicho ni kizuri kwa mwili wangu, niendelee nacho. Watu wanachunguza kama antioksidanti zinasaidia masikio na mishipa, huenda kuna kitu hapo, bado hakuna wa kuapa. Lakini kichembe kilichopotea njia hakirudishwi kwa juisi. Na kinaweza kutoka tena, mwezi ujao au miaka ijayo. Nikiona dalili, nisishike kitu chenye makali.

Nje, Mama Mwende aliuliza ilichukua muda gani. Nikamwambia hata chai haingepoa. Tukatembea mpaka stendi. Ningekwenda ile Alhamisi, Mutinda angekuwa na kidole chake. Siwezi kuwaza lingine.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeenda kwa Mutinda, mtaa wa Makongeni. Mkewe alinikaribisha kwa chai ya maziwa, sukari nyingi, mkate umepakwa siagi. Mutinda ameketi mkono juu ya mto, umefungwa mkubwa kama boga changa. Tulizungumza kuhusu mvua ya nyumbani.

Mkewe alipotoka nikamwambia. Kwamba sikwenda hospitali. Kwamba Jumatano ile asubuhi kitanda kiliyumba, nikajua, nikaja kazini, nikamwacha ashike shingo.

Aliuweka mkono vizuri juu ya mto, chai ikashika utando. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima.

"Ungeniambia tu," akasema. "Tungekifunga kichwa cha twiga na kamba."

Kamba. Kamba zimejaa pale kiwandani, tunafungia magogo kila siku. Twiga angechukua muda zaidi, basi. Sikuhitaji kuacha tezo, sikuhitaji kwenda kwa msasa siku ile, nilihitaji kufungua mdomo. Sijawahi kujichukia hivi.

Kisha akaniuliza kichwa kinaendeleaje. Nikasema wamenitibu, chumba hakizunguki tena. Akafurahi. Kweli kabisa, alifurahi, akamwita mkewe aje asikie. Nilivaa koti haraka nikaondoka.

Jumapili, 28 Septemba

Nimelala upande wa kushoto. Nimeamka upande wa kushoto. Hakuna kitu kimesogea. Mtu angeshukuru. Nimeketi ukingoni mwa kitanda nikalia, na Mama Mwende akajifanya anatafuta kitambaa cha kanisani.

Juisi imerudi mezani. Nimekunywa. Bado ni udongo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwenyekiti alinirudishia tezo. Nikamwambia akae nalo mpaka mwaka ufungwe. Nimekwenda nyuma mwenyewe, kwa kina mama. Walisogea wakanipa nafasi kwenye benchi. Mmoja akanipa msasa mkavu, akanionyesha kufuata nyuzi za mti, mambo ninayoyajua, nikamwacha anionyeshe. Hakuna aliyeniita shosho. Ningependelea wangeniita.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana Mutinda alirudi. Nyuzi zimetolewa. Kile kidole kimekuwa kifupi, chekundu, hakikunjiki. Yeye ndiye anamalizia twiga, mkono wake wa tezo ni mzima.

Nilimwona kutoka kwenye benchi. Alimlaza twiga, akachukua kamba ya katani, akaizungusha kichwani mwa twiga na kwenye kigingi. Fundo likamshinda. Alijaribu kwa meno. Kamba ikateleza, akaanza upya, ikateleza. Wenzetu wote waliinamia kazi zao.

Nikaweka msasa chini nikaenda. Akaniangalia, kisha akaniachia ncha zote mbili.

Nimeifunga, nikaivuta kuijaribu. Kichwa hakikusogea. Nikarudi kwa kina mama, nikaendelea na sahani ya mti niliyokuwa nikiisugua.