Chuma cha Rabo Yako Kimeenda Beni

Koko,

Babu yangu, ninakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa nimekiacha shuleni, kilikuwa kinakutoa jasho.

Rabo yako ya kulainisha mbao haiko tena kwenye musumari wake. Ninaanza na hiyo, usiitafute.

Tulipomaliza matanga yako, Baba mukubwa, mutoto wa kaka yako mukubwa Paluku, alifika toka Beni na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Chai hakumaliza. Akasema mbele ya wote: "Rabo iko ya baba yangu. Baba mudogo huyu tuliyemuzika aliiazima tu. Ninarudi nayo."

Mama akajibu polepole: "Shemeji, ile rabo ndiyo imelisha hii nyumba."

"Na sasa nani ataishika? Huyu mutoto mwanamuke? Hata salamu anainong'oneza!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Koko, kwa woga. Unanijua. Wageni wakija, ninajificha kwenye atelier yako ya useremala. Ni wewe peke yako ambaye hukuniomba kuinua sauti. Ulikuwa unasema tu, "Masika, leta mukono," ninauweka juu ya wako, tunasukuma pamoja.

Baba mukubwa akainua rabo. "Angalieni, mbao ya Ulaya hii! Baba aliipata kwa wazungu wa kahawa, kabla ya uhuru." Akataka kutoa chuma chake cha kukata, atuonyeshe uzee wake. Akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama. Halafu akachukua nyundo, akalenga makali yenyewe.

"Hapana, Baba mukubwa!"

Ilikuwa sauti yangu. Wote wakageuka. Nikachukua nyundo, nikagonga rabo kule nyuma, kidogo tu, vile ulinionyesha. Kabari ya kukibana ikalegea, chuma kikatoka.

Basi wakaniacha niangalie. Ndani, mahali jua na jasho hazijafika, mbao ilikuwa nyekundu: libuyu, muti wa kwetu, hapana wa Ulaya. Na kwa ubavu wa kuume, lile shimo lililochimbwa na kidole gumba miaka yote. Baba mukubwa akajaribu chake cha kuume, kikakosa mahali.

"Nani kwenu alikuwa wa mukono wa kushoto?" Mama akauliza.

Wote walijua ni wewe. Mbao ile uliichonga mwenyewe. Mama alikuwa tayari kupiga vigelegele.

Tungeishia hapo, ningekuwa na rabo yote leo. Lakini chuma kilikuwa mukononi mwangu. Kinene upande wa makali, chembamba juu, na ule mustari mahali chuma kigumu kimeunganishwa na laini. Ulinifundisha: "Vya sasa viko na unene mumoja. Ukikutana na cha namna hii, ujue mimi nilikuwa sijazaliwa." Basi kilikuwa cha baba yako, aliyekufundisha kazi. Na vitu vya baba vinafuata mukubwa, vinaenda kwa Paluku na watoto wake.

Nilijua, na hapana mwingine aliyejua. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, Koko. Nilikuwa ninakitaka sana. Lakini niliona kama ninakusemesha wewe uongo, na wewe huna tena kinywa cha kukataa.

Nikasema: "Mbao iko ya Koko. Chuma kiko cha baba yao. Kilizaliwa wao wawili bado hawajazaliwa."

Baba mukubwa hakucheka. Alikifunga katika kitambaa chake cha jasho, akakiweka ndani ya koti. Kwenye mulango akaniambia: "Ungenyamaza, ningerudi mikono mitupu."

"Ninajua, Baba mukubwa."

Tulikaa na simu katikati yetu mpaka jioni, maana ile njia ya Beni unaijua: si wote wanaofika. Ilipolia, Baba mukubwa alimwambia Mama: "Umuambie yule wa kunong'ona, nimefika."

Sasa nina mbao yako tupu. Jana nimeingiza kidole gumba cha kushoto katika shimo lako. Kinacheza, shimo bado ni kubwa kwangu. Fundi wa chuma kule sokoni atanipigia makali kutoka ressort, springi ya lori. Yatakuwa na unene mumoja, ya siku hizi. Ucheke ukitaka.

Pumzika, Koko. Musalaba wa kaburi lako tuliusimamisha haraka, bado una manyoya ya mbao yaliyoachwa na musumeno. Ndio utakuwa kazi yangu ya kwanza. Nitaulainisha na mukono wa kushoto.

Masika wako