Miiba ya Agnethae

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Profesa Buberwa kafika kwangu Kashai, viatu vinang'aa, eti kuja kunisaidia. Mtu aliyewahi kutangaza spishi mpya kwa kipande kimoja kilichochanika — hata hakijulikani juu wala chini! Leo kaiinamia hadubini yangu, chai haijapoa, kanyanyuka. Hii spishi yako si mpya, anasema, ni ile ya zamani, miiba tu imerefuka.

Miaka yote hii nayeyusha miamba ya Lindi kwa asidi, nachambua vifuko vya dinoflajelati, viumbe vya bahari ya kale visivyoonekana kwa macho. Yeye anamaliza kwa kikombe cha chai. Spishi yangu itabaki na jina nililoipa: agnethae. Jina la Mama. Mama mwenyewe nimeshamwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Ujumbe wa Buberwa: pima vyote, si vile vizuri tu. Ananifundisha kupima.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepima vyote. Kwa hasira, nimfunge mdomo. Nilikuwa na mafungu mawili safi — miiba mifupi huku, mirefu kule. Halafu nikavirudisha vile nilivyoviweka pembeni kwa kuviona vibovu. Vikajaa katikati. Hakuna pengo. Mfupi, wa wastani, mrefu kidogo, mrefu. Tundu la kutokea kiumbe, linalotenganisha spishi na spishi, ni lile lile kote.

Spishi moja. Ina jina tayari.

Yuko sahihi, mpumbavu yule. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningevumilia.

Jumapili, 9 Novemba

Kamachumu, kijijini kwa Mama. Nilikuja kumwambia ukweli kabla ya ibada. Nikachelewa. Mchungaji akatangaza kwamba jina la Mama Agnetha limeingia kwenye sayansi, litadumu. Vigelegele. Hajui hata kama ni mnyama au mmea, na mimi nikatabasamu kama mjinga mwenzao. Mama kavaa kitenge kipya. Tangu Baba afariki sijamwona akitembea kichwa juu namna ile.

Nyumbani namkuta nani? Buberwa, sebuleni, anakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na senene. Mama kamwalika bila kuniambia. Mwalimu wako, anasema, atakosaje?

Majirani wamejaa. Nikamngoja Buberwa aseme. Nilitaka aseme yeye, nipate kumchukia vizuri.

Mama akamuuliza kwa heshima ya Kihaya: "Waitu Profesa, ni kweli hicho kidudu kina jina langu?"

Akanawa mikono taratibu. "Mama, aliyepima ni mwanao. Atakueleza mwenyewe."

Hata ubaya kashindwa kunifanyia.

Mama akaniwekea mkono begani, anacheka. "Haya, Klaudia. Waeleze."

Nimesingizia kutafuta picha. Nimejifungia chumbani, naandika huku nimesimama. Picha iko kwenye simu, simu iko mfukoni. Sebuleni wote wananisubiri. Mama ananiita tena. Sauti yake bado ina kicheko —